Povu: namna ya kulitengeneza, kulidumisha na kuliua

Tikisa chupa yenye maji matupu. Viputo vinatokea, vinapanda juu, na kabla hujaiweka chupa mezani vimeshapasuka vyote. Sasa dondoshea sabuni ya maji kidogo tu, utikise tena. Povu limejaa hadi shingoni mwa chupa na wala halina haraka ya kuondoka. Hewa ni ileile, maji ni yaleyale, mkono ni uleule. Kilichobadilika ni ukuta wa kiputo, na karibu yote ninayotaka kukufundisha hapa yanahusu ukuta huo.

Mimi natengeneza sabuni ya maji na kuwafundisha wengine kuitengeneza. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: nifanyeje itoe povu jingi? Huwa sijibu mpaka aliyeuliza aniambie povu hilo analitaka la kazi gani. Ziko kazi ambazo povu ndilo linalozifanya, ziko ambazo povu ni pambo tu, na ziko ambazo povu ni kero tupu. Asiyejua tofauti hiyo atamwaga pesa kwenye malighafi zisizomsaidia.

Povu limeundwa na nini

Povu ni hewa, au gesi nyingine yoyote, iliyofungiwa ndani ya kimiminika au ndani ya kitu kigumu. Sehemu kubwa ya povu ni gesi. Likiwa kavu, maji yake hayafiki hata 5% ya ujazo. Likiwa bichi, maji yanaweza kukaribia thuluthi moja. Yakipita takriban 36%, viputo havibanani tena, kila kimoja kinaelea kivyake, na hapo huna povu bali maji yenye viputo.

Maji matupu hayashiki povu kwa sababu molekuli zake zinavutana kwa nguvu. Uso wa maji muda wote unajikaza uwe mdogo kadiri unavyoweza. Wanafizikia wanaupima mvutano huo kuwa karibu milinyutoni 72 kwa mita kwenye nyuzi joto 25. Ukuta wa kiputo nao ni uso mtupu, upande wa ndani na upande wa nje, na katikati kuna maji membamba mno. Ukuta wa namna hiyo ukiachwa bila msaada unapasuka papo hapo.

Msaada unaletwa na sabuni. Molekuli yake ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia. Ukiimimina majini, molekuli hizo zinakimbilia usoni na kujipanga: vichwa vimezama, mikia imetokeza hewani, pande zote mbili za ukuta. Mvutano wa uso unashuka hadi chini ya nusu ya ule wa maji matupu.

Wengi huishia hapo, nami nadhani wanaacha jambo kubwa zaidi. Spiriti nayo inashusha mvutano wa uso wa maji, lakini haikupi povu la kudumu. Sabuni inafanya kazi ya pili. Ukuta ukivutika mahali fulani na kuwa mwembamba, molekuli za sabuni mahali hapo zinatawanyika, mvutano unapanda hapohapo, na mvutano huo unavuta maji kutoka pembeni yarudi kuziba sehemu iliyokonda. Ukuta unajitibu wenyewe. Jambo hili limepewa jina la Carlo Marangoni, mwanafizikia wa Italia wa karne ya 19. Bila hilo, hata sabuni ingekuwa kama spiriti.

Anza kwa kuliangalia

Nawaanzisha wanafunzi wangu wote hapa, hata wale wenye haraka ya kwenda kuchanganya madumu. Tafuta chupa ya glasi angavu, yenye mfuniko, isiyo na nakshi. Tia maji robo yake, dondoshea matone machache ya sabuni ya kuoshea vyombo, funga, utikise kwa nguvu kwa nusu dakika. Iweke mezani, washa tochi ya simu nyuma yake, kisha kaa uangalie. Usiiguse tena.

Mwanzoni povu ni jeupe kama maziwa, na ni jeupe hata kama sabuni yako ni ya kijani au ya waridi. Kuta za viputo hazina rangi ya kutosha kuonekana; mwanga unaziruka huku na huku mara nyingi mno, na mwanga wa rangi zote ukirudi pamoja jicho linaona weupe. Kwa hiyo usihangaike kuipaka sabuni rangi ukitarajia povu la rangi.

Baada ya muda mfupi utaona maji yanaongezeka chini ya povu. Weka alama kwa kalamu ya wino mzito kwenye glasi kila baada ya dakika moja. Alama za kwanza zitaachana mbali, za baadaye zitasogeleana. Hayo ni maji yanayochuruzika kutoka kwenye kuta kwa uzito wake yenyewe, na ndicho kifo cha kwanza cha povu. Kasi ya mchuruziko huo ndiyo ninayoipima ninapolinganisha sabuni mbili, kwa sababu inaniambia mengi kuliko urefu wa povu wakati wa kutikisa.

Sasa tazama maumbo. Chini, karibu na maji, viputo bado ni mviringo. Juu, ambako maji yameshashuka, vimebanana hadi vikapata pembe na nyuso bapa. Vuta karibu kwa kamera ya simu. Utakuta kila mahali kuta zinapokutana, zinakutana tatu tatu, zikiachana kwa nyuzi 120. Huwezi kupata kuta nne zikikutana kwenye mstari mmoja na zikatulia. Zitateleza mpaka zigawanyike kuwa tatu na tatu. Sheria hizi alizieleza Joseph Plateau, mwanafizikia wa Ubelgiji, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1873, akiwa kipofu kwa miaka mingi, na waliomwangalizia majaribio walikuwa wasaidizi wake. Ilichukua zaidi ya miaka 100 kabla mwanahisabati Jean Taylor hajathibitisha kwa hesabu mwaka 1976 kwamba lazima iwe hivyo.

Kisha chagua kiputo kimoja kidogo kilichozungukwa na vikubwa, ukikazie macho. Kitapungua. Kitapungua tena, kitakuwa nukta, kisha hakipo. Hakikupasuka, hukuona kishindo chochote kwenye kuta za jirani. Hewa yake imepenya kuta na kuingia kwa wakubwa, kwa sababu ndani ya kiputo kidogo presha ni kubwa kuliko ndani ya kiputo kikubwa. Hicho ni kifo cha pili: wadogo wanamezwa, wakubwa wanazidi kukua, na povu laini linageuka kuwa la matundu makubwa. Mimi sichoki kuliangalia jambo hili.

Kifo cha tatu ni kupasuka kwenyewe. Juu kabisa ya povu, kwenye kiputo kikubwa, utaona mistari ya rangi za upinde wa mvua ikishuka taratibu, na juu yake pakitokea doa jeusi. Doa hilo si shimo. Hapo ukuta umekonda hadi chini ya nanomita 30 hivi (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), mwembamba kuliko unywele kwa zaidi ya mara 1000, na mwanga unaorudi kutoka upande wa mbele unafutana na unaorudi kutoka upande wa nyuma. Ukiona weusi, ujue ukuta huo umebakiza muda mfupi.

Kutengeneza povu laini

Kutikisa kunatoa viputo vya kila ukubwa. Na kwa kuwa wakubwa wanawameza wadogo, povu la viputo mchanganyiko linaharibika mapema. Povu bora ni lile ambalo viputo vyake ni vidogo na vinalingana. Njia rahisi ya kulipata ni kupitisha hewa na maji ya sabuni kwenye matundu madogo.

Kata kitako cha chupa ndogo ya plastiki. Funika mdomo huo uliokata kwa kipande cha taulo au soksi ya pamba, ukaze kwa mpira. Changanya sabuni ya vyombo sehemu moja na maji sehemu nne. Chovya kitambaa mpaka kilowe, kisha pulizia kwa upande wa shingo. Litatoka povu refu, zito, la viputo vidogo vinavyolingana. Puliza tu, usivute pumzi kupitia chupa, na kwa watoto simama karibu.

Chupa za sabuni ya mikono zenye pampu ya kutoa povu zinafanya kazi hiyohiyo: pampu inachanganya sabuni na hewa, kisha inavisukuma pamoja kwenye kichujio chembamba. Ndiyo maana sabuni nzito haifai ndani yake. Ukitaka kuijaza tena, ipunguze kwa maji mpaka iwe nyepesi, la sivyo kichujio kitaziba.

Njia nyingine ni kuifanya gesi izaliwe ndani ya kimiminika chenyewe. Tia magadi ya kuokea kijiko kimoja kwenye glasi, ongeza maji kidogo na matone ya sabuni ya vyombo, kisha mimina siki. Gesi ya kaboni dioksidi inatoka kila mahali kwa pamoja na povu linapanda. Lakini liweke kando ya lile la kupuliza uone lipi linatangulia kuanguka. Kaboni dioksidi inayeyuka majini kwa wingi kuliko hewa, hivyo inapenya kuta upesi, na kifo cha pili kinalifikia mapema. Naitrojeni, ambayo haiyeyuki kwa urahisi, inatoa povu laini linalokaa.

Likae zaidi

Hapa inategemea ni kifo kipi unataka kukichelewesha. Kupunguza mchuruziko, fanya maji yawe mazito kidogo: glisirini au sukari inatosha. Kwa viputo vya kuchezea mimi hutumia maji vikombe 6, sabuni ya vyombo kikombe 1, na glisirini vijiko viwili vya chakula, nikakoroga polepole bila kutoa povu na kuacha usiku kucha. Glisirini ina faida ya pili ya kuzuia maji ya kwenye kuta yasikauke. Kwa kumezwa kwa viputo vidogo, dawa ni kuanza na viputo vinavyolingana, kama nilivyoeleza.

Angalia na maji unayotumia. Maji magumu, yenye kalsiamu na magnesiamu, yanaikamata sabuni ya kipande na kuigeuza utando mweupe usiotoa povu. Unaweza kuyapima mwenyewe: kwangua sabuni ya kipande, yeyusha kiasi sawa kwenye chupa mbili, moja ya maji ya mvua na nyingine ya maji unayotaka kuyapima, tikisa kwa pamoja. Chupa yenye povu dogo na ukungu ndiyo yenye maji magumu. Usitumie sabuni ya vyombo kwa kipimo hiki, maana nyingi zimetengenezwa kwa kemikali zisizosumbuliwa sana na ugumu wa maji, na utadanganyika.

Kuliua

Povu likifurika kwenye pipa au ndoo, usimimine maji kwa kishindo. Maji yanayoanguka yanaingiza hewa mpya na unajiongezea kazi. Nyunyiza spiriti kwa chupa ya kupulizia, mbali na moto. Inapogusa kuta, mvutano wa uso unashuka mahali hapo, maji yanakimbia pembeni, na ukuta unapasuka. Mafuta kidogo nayo yanafaa, lakini yataharibu sabuni yako. Viwandani hutumia mafuta ya silikoni yenye chembechembe za silika: tone linajipenyeza kwenye ukuta, linaugusa pande zote mbili, na ukuta unaachana. Kiasi kidogo sana kinatosha.

Siki inaua povu la sabuni ya kipande kwa kuwa asidi inairudisha sabuni kuwa asidi ya mafuta. Povu la sabuni ya vyombo halitaijali sana. Dawa ya kulainishia nguo inaliua povu la sabuni ya kufulia, maana molekuli zake zina chaji kinyume na zile za sabuni na zinashikana nazo. Ndiyo sababu inatiwa kwenye maji ya mwisho ya kusuuzia, si pamoja na sabuni.

Lina kazi gani

Narudi kwenye swali la povu jingi. Uchafu wa mafuta unaondolewa na molekuli za sabuni zinazouzunguka ndani ya maji, mikia ikiwa imeushika na vichwa vikiwa nje. Kazi hiyo inafanyika pawe na povu au pasiwe. Povu kwenye beseni la vyombo linakupa taarifa moja muhimu: likipotea, mafuta yameimaliza sabuni, ongeza. Zaidi ya hapo ni raha ya macho. Kwenye mashine ya kufulia ya mlango wa mbele ni balaa, kwa kuwa nguo zinasafishwa kwa kuangukiana, na povu linazipokea kabla hazijagonga. Ndiyo maana sabuni za mashine hizo zinatengenezwa zitoe povu dogo. Mteja anayeikataa sabuni nzuri kwa sababu haifuri anaonewa na mazoea, na sisi watengenezaji tunapaswa kumweleza badala ya kumwongezea kemikali za kufurisha.

Povu linafanya kazi ya kweli pale unapotaka maji kidogo yaenee eneo kubwa na yakae hapo. Hesabu yenyewe inavutia: lita moja ya povu lenye viputo vya milimita 1 ina uso wa karibu mita za mraba 6. Ukinyunyiza maji ya sabuni kwenye ukuta wa banda la mifugo au ubavu wa gari, yanateremka mara moja. Ukipaka povu, linang'ang'ania na kuipa dawa muda wa kulainisha uchafu. Paka kuanzia chini kwenda juu, acha dakika chache, suuza kabla halijakauka.

Wachimbaji wa madini wanautumia uso huohuo tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Mawe ya shaba yanasagwa, yanachanganywa na maji na kemikali inayofanya chembe za madini zikimbie maji, kisha hewa inapulizwa kutoka chini. Chembe za madini zinajibandika kwenye viputo na kupanda na povu, udongo unabaki chini.

Na kuna moto. Petroli ni nyepesi kuliko maji, hivyo maji ukiyamwaga yanazama na moto unaendelea kuwaka juu. Povu linaelea. Linafunika petroli kwa blanketi, linazuia mvuke usitoke na hewa isiingie, na maji yanayochuruzika kutoka kwake yanapoza. Wazo hili lilifanyiwa kazi na Aleksandr Loran, mwalimu wa Urusi aliyekuwa Baku, mji wa mafuta, miaka ya mwanzo ya 1900. Leo zimamoto wanachanganya dawa ya povu na maji, mara nyingi kwa kiwango cha 3% au 6%, na kulifurisha kati ya chini ya mara 20 kwa moto wa mafuta hadi mara 1000 kwa kujaza chumba kizima. Moto wa spiriti unahitaji povu maalumu, kwa sababu ileile uliyoiona ulipopulizia spiriti kwenye ndoo. Dawa nyingi za zamani zilikuwa na kemikali za florini, PFAS, ambazo haziozi na zinaingia kwenye maji ya ardhini. Sasa zinaondolewa nchi nyingi. Sabuni ya vyombo si mbadala wa dawa hiyo, usiijaribu kwenye moto.

Povu lililoganda

Sponji ya godoro nayo ni povu, ila kuta zake zimegeuka plastiki. Vimiminika viwili, polioli na isosayanati, vinachanganywa pamoja na maji kidogo. Maji na isosayanati vinatoa kaboni dioksidi, gesi inafurisha mchanganyiko, na wakati huohuo plastiki inakazana. Silikoni ndiyo inayoshikilia kuta zisianguke kabla hazijaganda. Plastiki hiyo, iitwayo polyurethani, ilivumbuliwa na Otto Bayer na wenzake nchini Ujerumani mwaka 1937.

Ukinunua sponji, usipime kwa kuibonyeza tu. Uliza uzito wake kwa mita ya ujazo: nyepesi inabonyea vizuri dukani lakini inalala mapema. Jaribu pia kupulizia kipande chake mdomoni. Hewa ikipita, vyumba vyake viko wazi, kinafaa kulalia na kunyonya maji. Isipopita, vyumba vimefungwa, na hicho ni cha kuelea na kuzuia joto.

Vipande vilivyobaki usivichome. Moshi wa sponji una kaboni monoksidi na sianidi ya haidrojeni, na zote mbili zinaua ndani ya chumba kwa dakika chache. Vikate vidogo ujazie mito, au vipeleke kunakokusanywa taka za plastiki.